Kidhibiti Sauti na Mahali Pake: Uhakiki wa Istilahi za Vyombo vya Sauti

Wafasiri wanaoshughulikia maelekezo ya mitambo wamezoea kuyagawa maneno mapya katika mafungu mawili: yale magumu, ambayo hupelekwa kamatini, na yale mepesi, ambayo mfasiri huyamaliza mwenyewe mezani pake. Maneno ya vyombo vya sauti aghalabu hutiwa katika fungu la pili. Nani asiyeijua redio? Nani hajapata kusimama mbele ya kipaza sauti, au walau kukaa nyuma ya aliyesimama? Twadhani kuwa wepesi huo ndio uliotuponza. Maneno tuliyoyaacha yajiundie yenyewe yanatosha kwa mazungumzo ya sebuleni. Hayatoshi pale inapotakiwa kumweleza mtu, kwa Kiswahili na kwa uhakika, chombo gani kiungwe na chombo gani, na kwa sababu gani.

Katika makala haya hatukusudii kutoa orodha ya istilahi. Tunakusudia kuchukua swali moja dogo la ufundi na kuona kama maneno tuliyo nayo yaweza kulijibu. Swali lenyewe ni hili: kati ya amplifaya ya awali, ambayo hupokea umeme hafifu kutoka katika maikrofoni au chombo cha kuchezea muziki, na amplifaya ya nguvu, ambayo husukuma spika, kidhibiti sauti kiwekwe wapi? Msomaji asiye fundi asiogope. Swali hili halihitaji hesabu zaidi ya ile ya shule, lakini lahitaji maneno ambayo kila moja limeshika maana yake na halikopeshi jirani.

Tuanze na kipaza sauti, ambacho hakitatuchukua muda. Neno hili limepewa maikrofoni, likapewa spika, likapewa amplifaya, na mara nyingine likapewa mtambo mzima pamoja na gari lililoubeba. Katika taarifa ya mkutano wa hadhara halina madhara yoyote. Katika hati ya zabuni lina madhara. Ofisa akiandika kuwa ukumbi wahitaji vipaza sauti vinne, muuzaji atakayeleta maikrofoni nne na muuzaji atakayeleta spika nne wote wawili watakuwa wametimiza masharti. Zaidi ya hayo, maikrofoni haipazi kitu. Kazi yake ni kuigeuza sauti iwe umeme, tena umeme dhaifu sana. Wenzetu mafundi wametutangulia katika jambo hili: wao husema maiki, amplifaya na spika, wala hawapotezani. Wapo waliolikataa neno spika kwa hoja kwamba limekwisha kupewa Bunge. Hoja hiyo haina uzito. Spika amenyamaza na spika imenyamaza ni habari mbili ambazo hakuna Mswahili atakayezichanganya; sarufi yetu imekwisha kuifanya kazi ambayo kamati ilidhani ni yake.

Neno sauti lenyewe lina tatizo la namna nyingine. Kati ya maikrofoni na spika hakuna sauti. Kuna umeme unaopanda na kushuka kwa kuifuata sauti, nao ndio unaopita katika waya. Mfasiri anapoandika kwamba sauti inaingia katika amplifaya na kutoka ikiwa kubwa, ameandika picha, hakuandika maelezo, na picha hiyo itamkwamisha aya mbili mbele, atakapotakiwa kueleza jinsi waya mrefu unavyoweza kuiharibu. Sauti gani hiyo inayoharibiwa na waya? Kwa umeme huo tunapendelea neno ishara, ambalo limekwisha kuzoeleka katika mafunzo ya mawasiliano, na neno sauti libaki hewani na masikioni.

Sasa tukifikie kidhibiti chenyewe, yaani kile kidude cha mviringo kinachozungushwa kwa vidole. Wapo wanaokiita kiongeza sauti, na lugha ya nyumbani yawaunga mkono, maana sote husema ongeza redio. Lakini katika vyombo vingi vya nyumbani kidude hiki hakiongezi kitu. Ndani yake mna potenshiometa: utepe wenye ukinzani, na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake. Ishara nzima huingia upande mmoja wa utepe, na kidole huchota sehemu yake tu. Kidole kikiwa mwisho wa juu, ishara hupita yote. Kikishuka, ishara hupunguzwa. Kazi ya kukuza hufanywa na amplifaya, na kiasi cha kukuza huko hakibadiliki, usikilize kwa kunong'ona au uwakere majirani. Wako wabunifu waliokifanya kidhibiti kibadilishe kiasi chenyewe cha kukuza, na Peter Baxandall wa Uingereza ndiye anayejulikana zaidi kwa njia hiyo. Lakini utaratibu uliozoeleka ni ule wa kupunguza. Hata katika simu na kompyuta za siku hizi, ambamo kidhibiti si kitu cha kushikwa bali ni hesabu, hesabu hiyo kwa kawaida ni ya kuzidisha tarakimu kwa namba isiyozidi moja.

Kwa hiyo kiongeza sauti ni jina linalosema kinyume cha kazi, na mwanafunzi aliyelipokea ataamini kuwa nguvu imo ndani ya kidude. Kidhibiti sauti ni jina bora. Halisemi kuongeza wala kupunguza, nalo linakaa vizuri mdomoni. Pale ambapo habari yenyewe ni ya kupunguza, mfasiri aseme kipunguzi bila kuona haya.

Amplifaya ya awali nayo ina ila yake. Jina hili lilikuwa la kweli wakati muziki ulipotoka katika sahani za santuri. Kichwa cha sindano hutoa kiasi cha milivolti 5, au pungufu ya hapo kwa vichwa vya aina nyingine, na umeme kama huo hauna budi ukuzwe kwanza, urekebishwe, ndipo upewe amplifaya ya nguvu. Lakini mwaka 1982 zilipoanza kuuzwa Japani mashine za kuchezea sahani za CD, ishara ilikuja ikiwa na volti 2 katika kilele chake, na amplifaya nyingi za nguvu hufikia ukomo wake kwa volti kama hizo au pungufu. Hapo chombo cha awali hakina tena cha kukuza. Kilichobaki ni kuchagua chanzo na kupunguza. Wengine walikifungua wakatoa kila kitu ndani, wakabakiza swichi na potenshiometa, bila umeme wa ukutani, na bado wakaendelea kukiita kwa jina la kukuza. Tunaona kwamba kampuni ya Peter Walker huko Huntingdon, Uingereza, ilikuwa na busara zaidi. Ilipotoa QUAD 22 mwaka 1959, na QUAD 33 mwaka 1967, haikuviita vyombo hivyo amplifaya za awali. Iliviita vyombo vya udhibiti. Mfasiri wa Kiswahili halazimiki kulichukua kosa la Kiingereza wakati baadhi ya Waingereza wenyewe walilikwepa. Chombo kinachokuza ishara hafifu kiitwe amplifaya ya awali, kama tunavyosema elimu ya awali, maana baada yake kuna nyingine. Na chombo kisichokuza kitu kiitwe chombo cha udhibiti.

Mpaka hapa tumekuwa tukisafisha njia. Neno lenye uzito ni ukinzani.

Ukinzani limetulia vizuri katika vitabu vya fizikia vya shule. Limetokana na kitenzi kinza, nalo hueleza jinsi kitu kinavyoupinga mkondo wa umeme na kuugeuza kuwa joto. Hupimwa kwa omu. Kwa betri na balbu latosha kabisa. Umeme wa muziki lakini si wa betri. Hugeuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, na umeme wa namna hiyo, ukikutana na koili au kapasita, hupingwa kwa njia nyingine: upinzani hubadilika kwa kufuata wepesi wa mgeuko, na nishati haipotei kuwa joto bali huhifadhiwa kidogo na kurudishwa. Jumla ya mapingamizi yote mawili, lile la ukinzani na hili la koili na kapasita, ndiyo tunayotafutia jina. Nayo pia hupimwa kwa omu, na hapo ndipo penye mtego. Wafasiri wengi, wanapoona omu, huandika ukinzani na kwenda zao.

Mwalimu anayetaka kuona madhara yake na achukue spika iliyoandikwa mgongoni omu 8, aipime kwa kipima-omu mbele ya darasa. Kipimo kitaonyesha omu 6 hivi. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa maandishi ya mgongoni ni ukinzani hana njia ila moja kati ya mbili: aseme kiwanda kimedanganya, au aseme koili imeungua. Yote mawili si kweli. Kipima-omu hutumia umeme wa betri, kwa hiyo kimepima ukinzani wa waya wa koili, nao ni omu 6 kweli. Kiwanda kimeandika kile kingine, ambacho hubadilika kwa kila sauti: penye mtetemo wa asili wa spika, katika sauti nene, chaweza kupanda kufikia omu 30 na zaidi, kisha kikashuka. Omu 8 ni jina tu la makadirio. Darasa lenye maneno mawili litalielewa jambo hili kwa kipindi kimoja. Darasa lenye neno moja litaondoka likiwa na shaka juu ya kipimo, juu ya kiwanda, na pengine juu ya mwalimu.

Basi tuseme nini? Kanuni tuliyoizoea hututaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili, kisha katika lugha za jamaa zake, ndipo tukakope mbali. Tumejaribu. Kizuizi lina kazi nyingi mno, na wengi wetu tukilisikia tunaona gogo lililolazwa barabarani na askari pembeni yake. Ukinzani-jumla lavutia, na kwa siku kadhaa tulilipendelea. Lakini mwalimu wa fizikia atatukumbusha kuwa ukinzani wa jumla lina kazi tayari: ndio ukinzani unaopatikana rezista kadhaa zikiunganishwa kwa mfuatano. Tofauti ya kistari kimoja haiwezi kubeba tofauti ya dhana mbili, hasa katika masomo ya kusikiliza. Twaona hapana budi kukopa, na kusema impedansi. Wapo watakaotulaumu. Tunawajibu kwamba neno la kigeni lenye maana moja lina heshima kuliko neno la kwetu lenye maana mbili zinazopigana, na kwamba ukinzani litabaki salama zaidi likipewa jirani kuliko likiachwa lijigawe.

Impedansi hiyo yatakiwa isemwe ni ya upande gani. Kila chombo kina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na kila mlango una impedansi yake. Tunashauri impedansi ya kuingilia na impedansi ya kutokea. Wengine huandika pato kwa kile kitokacho, lakini mtumishi wa Serikali akisoma pato la amplifaya hatakosa kujiuliza kama linatozwa kodi.

Sasa lije neno lililowahi kupotosha watu wengi zaidi, nalo ni kulinganisha. Vitabu husema kwamba impedansi za vyombo viwili vinavyoungwa zilinganishwe, na msomaji wa Kiswahili, kwa haki kabisa, huelewa kwamba zifanywe sawa. Katika ufundi wa simu za waya ndivyo ilivyokuwa: njia zilijengwa kwa omu 600, chanzo omu 600 na mzigo omu 600, ili nguvu nyingi iwezekanavyo ivuke. Studio za utangazaji ziliurithi utaratibu huo. Lakini kati ya amplifaya ya awali na amplifaya ya nguvu hatuhitaji kuvusha nguvu, twahitaji kuvusha volti. Impedansi zikiwa sawa, nusu ya volti hubaki nyuma. Impedansi ya kuingilia ikiwa mara 10 ya ile ya kutokea, kinachobaki nyuma ni sehemu moja tu katika 11. Hivyo fundi wa vyombo vya nyumbani hutaka kutokea kuwe kwa omu mia chache, au pungufu, na kuingilia kuwe kwa omu 10,000 na zaidi. Hizo zimepatana, lakini kwa vyovyote haziko sawa.

Kiswahili, kwa bahati njema, kina maneno ya kuitenga tofauti hii. Kusawazisha ni kufanya viwe sawa, nalo lifae kwa omu 600 kwa omu 600. Kuoanisha ni kufanya vipatane kila kimoja kikiwa na kimo chake, nalo lifae kwa amplifaya zetu mbili. Kulinganisha tungeliacha kwa maana yake ya siku zote, ya kuvitazama viwili na kupima tofauti yao.

Tukiwa na maneno hayo twaweza kurudi kwenye swali. Potenshiometa si mlango tu wa kupita. Nayo ina impedansi ya kutokea, ambayo hubadilika kwa kadiri kidole kinavyoteleza. Hufikia kilele pale ishara inapokatwa nusu, na kilele hicho ni robo ya ukinzani wa utepe mzima. (Hapa neno ukinzani ni halali; utepe ni utepe.) Potenshiometa ya omu 10,000 basi hutoa kwa impedansi ya omu 2,500, na ile ya omu 100,000 hutoa kwa omu 25,000. Mbele yake kuna waya, na waya wenye ngao una tabia ya kapasita, yapata pikofaradi 100 kwa kila mita. Waya wa mita 10 una pikofaradi 1,000. Omu 25,000 pamoja na pikofaradi 1,000 huanza kuzimeza sauti nyembamba: ifikapo mizunguko 6,400 kwa sekunde, volti imekwisha kushuka hadi saba ya kumi, na juu ya hapo huzidi kufifia. Kwa mpenda ngoma huenda hilo lisiwe msiba. Kwa mwalimu wa lugha ni jambo kubwa, maana katika sauti hizo nyembamba ndimo zimo konsonanti zinazotutenganishia thamani na samani. Kwa omu 2,500 na waya uleule, upungufu kama huo haufiki mpaka mizunguko 64,000 kwa sekunde, ambako hakuna sikio la binadamu.

Hivyo mahali pa kidhibiti ni jambo la kuamua, si la kupendezesha sura ya chombo. Kikiwekwa mwanzoni mwa amplifaya ya awali, kabla ya hatua yake ya kukuza, hatua hiyo haitazidiwa na ishara kubwa; lakini mvumo wake wenyewe utabaki pale pale hata mtu apunguze vipi. Kikiwekwa baada ya hatua hiyo, mvumo utapunguzwa pamoja na muziki, ila hatua ya kukuza imeachwa bila kinga dhidi ya ishara kubwa, na waya wote utasukumwa na ile impedansi kubwa ya potenshiometa. Ndiyo maana wabunifu waangalifu huweka baada ya kidhibiti hatua nyingine ndogo, isiyokuza volti, ambayo kazi yake ni kupokea kwa impedansi kubwa na kutoa kwa impedansi ndogo. Asiyetaka hatua hiyo na akihamishe kidhibiti hadi kwenye sanduku la amplifaya ya nguvu, ambako waya unaobaki mbele yake ni wa sentimita chache.

Katika kueleza hayo, ngeli zetu za mahali zatupa nafasi ambayo wafasiri hawaitumii. Maelekezo mengi huandika kwenye amplifaya, na kwenye hilo hubeba kila kitu: ndani ya sanduku, penye mlango, upande wa waya. Ilhali Kiswahili husema mlangoni pa amplifaya kwa mahali panapojulikana barabara, sandukuni mwa amplifaya kwa ndani, na mwishoni kwa waya kwa upande ule. Fundi anayesoma pa hatatafuta ndani, na anayesoma mwa hatauliza kama afungue kifuniko. Kuiacha tofauti hiyo kwa sababu lugha tunayofasiri kutoka kwake haina, ni kuitupa mali.

Kwa mfano wa kufuatwa, sentensi tunayopendekeza ni hii: Kidhibiti sauti kikikaa sandukuni mwa chombo cha udhibiti, na hakuna hatua nyingine baada yake, waya wa kwenda kwenye amplifaya ya nguvu usizidi mita 2, na impedansi ya kuingilia ya amplifaya hiyo iwe angalau mara 10 ya impedansi ya kutokea ya kidhibiti, vinginevyo kidhibiti kiwekwe mlangoni pa amplifaya yenyewe. Tuliijaribu kuiandika kwa maneno ya zamani, yaani kipaza sauti, kiongeza sauti, ukinzani na kulinganisha, na ikawa inamwagiza msomaji alinganishe ukinzani wa kipaza sauti na kipaza sauti.

Jina la ile hatua ndogo isiyokuza volti bado hatujaliridhia. Mafundi wengine huiita bafa, na bafa huenda likatosha; lakini tungependa kusikia kwa walimu wa shule za ufundi, Bara na Visiwani, kama wanafunzi wao wana neno jingine walilokwisha kulizoea karakanani.